Edita ya AI inakumbuka Laravel ya zamani. Nimeiunganisha na nyaraka, nimekutana na haya

Fundi wa Sakina (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Mods, naomba uzi huu msiuunganishe na ule wa "AI itatunyang'anya ugali". Huu ni wa ufundi.

Niko Arusha, natengeneza mifumo ya kampuni ndogo za utalii. Kazi zetu mnazijua: fomu ya kuweka nafasi ya kupanda Kili, orodha ya waongozaji na wapagazi, bei za mawakala wa nje, ankara. Mwaka jana nilianza mfumo mmoja kwa Laravel 11 (kiunzi cha kujengea mifumo ya wavuti kwa lugha ya PHP), na kwa mara ya kwanza nikaamua kutumia Cursor, edita ya kodi yenye AI ndani yake, tangu mstari wa kwanza. Kodi (hii ya programu, ile ya TRA tuiache) ilikuwa inamiminika kama masika. Nikajiona nimemaliza maisha.

Mteja akataka jambo dogo: wakala akidaiwa zaidi ya siku 30 akaunti yake ifungwe, asione bei mpya mpaka alipe. Nikaiambia edita iniandikie midoweya, yaani yule mlinzi wa getini ambaye kila ombi linapita kwake kabla ya kufika ukurasani. Ikamwandika vizuri kabisa. Kisha ikaunda faili `app/Http/Kernel.php`, ikamsajili mlinzi humo kwenye kundi la `web`, ikanihakikishia kuwa kazi imekwisha. Nikafungua ukurasa, ukafunguka. Kwenye logi hakuna kosa hata moja. Nikapandisha kwenye seva, nikaenda kula.

Wanaoijua Laravel 11 wameshaanza kucheka.

Faili hilo halimo tena katika mradi mpya wa Laravel tangu toleo la 11 lilipotoka Machi 2024. Usajili wa midoweya umehamia `bootstrap/app.php`. Ukiliunda mwenyewe, Laravel hailikatai wala hailalamiki, hailisomi tu. Ni sawa na kuajiri mlinzi, ukampa sare na kirungu, halafu ukamsimamisha kwenye geti la nyumba uliyoshahama.

Siku 11 wakala aliyepaswa kuwa nje alikuwa anaingia na kutoka. Aliyegundua ni mhasibu wa mteja, si mimi, tena kwa njia ya aibu ambayo leo siisemi.

Nilivyotulia nikajiuliza imekuwaje. `Kernel.php` ilikuwepo tangu Laravel 5 ya mwaka 2015. Kwa miaka 9 kila somo, kila video, kila jibu la mtandaoni lilisema "nenda Kernel.php". Modeli, yaani ile AI yenyewe iliyo nyuma ya edita, imeyala yote hayo. Masomo yake yana tarehe yalipoishia, na hata kama toleo la 11 liliwahi kuingia, liliingia kama kijiko cha chumvi kwenye pipa. Basi inajibu kwa wingi wa ilichokisikia. Ni kama mzee aliyeondoka mtaani zamani: ukimuuliza njia atakuelekeza kwa uhakika wote, "ukifika kwenye ule mwembe kata kulia", na mwembe ulishakatwa.

Dawa niliyoipata ni kuilazimisha isome nyaraka kabla ya kuandika. Kuna kitu kinaitwa MCP, kwa kirefu Model Context Protocol, Anthropic walikitoa Novemba 2024 na kikaachwa wazi kwa kila mtu. Kimsingi ni makubaliano ya namna edita inavyoongea na programu ya pembeni. Programu inasema "mimi nina zana hizi", modeli inaomba kutumia moja, jibu linarudi kwenye mazungumzo. Cursor, VS Code na Claude Code zote zinakielewa. Juu ya makubaliano hayo watu wa Upstash wametengeneza seva inayoitwa Context7, ambayo kazi yake ni moja tu: unaitajia jina la maktaba ya programu, inakuletea vipande vya nyaraka zake pamoja na mifano.

Unahitaji Node.js kwenye mashine (ndiyo inayoleta amri ya `npx`), na faili `.cursor/mcp.json` ndani ya mradi:

```
{
  "mcpServers": {
    "context7": {
      "command": "npx",
      "args": ["-y", "@upstash/context7-mcp"]
    }
  }
}
```

Zima Cursor, iwashe, kisha mwisho wa swali lako andika `use context7`. Nikauliza swali lilelile la mwaka jana. Safari hii ilitafuta kwanza, ikarudi na hii ya `bootstrap/app.php`:

```
->withMiddleware(function (Middleware $middleware) {
    $middleware->web(append: [AngaliaAkaunti::class]);
})
```

Sahihi kabisa. Sasa leteni uzoefu wenu, na kama kuna mahali nimepotoka semeni.

Dogo wa Ngaramtoni

Nipo siti ya mbele, chai mkononi. Mkuu, mimi natumia VS Code. Nimekopi hivyohivyo nikaweka kwenye `.vscode/mcp.json`, kimya. Haijibu, haigombi. Niko chuo mwaka wa pili, msinicheke.

Fundi wa Sakina

Hakuna wa kukucheka, mimi mwenyewe nimepitia hapo. VS Code haitumii `mcpServers`, inataka `servers`. Badilisha neno hilo moja tu. Na kama uko Windows na bado inagoma, weka `cmd` kwenye command, kisha kwenye args anza na `/c` na `npx` ndipo yafuate mengine.

Mzee wa Kijenge

Vijana mnanifurahisha. Mnaunganisha seva, mnaandika JSON, mnawasha na kuzima, ili kompyuta ikasome ukurasa ambao wewe mwenyewe ungeusoma kwa dakika tano. Ukurasa wa midoweya wa Laravel si msahafu.

Halafu kosa lako mleta uzi si la AI. Ulifungua ukurasa, ukafunguka, ukasema kazi imekwisha. Mlinzi hapimwi kwa kuona anayeruhusiwa amepita! Anapimwa kwa kumpeleka asiyeruhusiwa uone kama atazuiwa. Ungeingia kwa akaunti iliyofungwa mara moja tu, ungejua siku ileile.

Andika hii kwenye terminali:

```
php artisan route:list -vv
```

Itakuonyesha kila njia na walinzi wake wote, hata waliomo ndani ya makundi. Ukiweka `-v` moja utaona neno `web` peke yake, na hilo halikuambii kitu. Weka mbili.

Fundi wa Sakina

Shikamoo mkuu. Hapo umenisema na sina utetezi. Hiyo `-vv` nilikuwa siijui, nimeiendesha sasa hivi. Nimeandika na jaribio pia: wakala aliyefungwa akiomba ukurasa wa bei lazima apate 403 (yaani "huruhusiwi"), la sivyo kodi haipandi kwenye seva.

Ila kwenye dakika tano hatukubaliani. Mradi wangu una vifurushi, yaani kodi zilizoandikwa na wengine ninazozitegemea, zaidi ya 40. Huu wa midoweya nitausoma. Wa PDF, wa malipo, wa ruhusa, wa kutuma barua pepe, vyote navyo vinabadilika kila baada ya miezi kadhaa. Na tatizo la lile kosa ni kwamba sikujua kama nina cha kwenda kusoma. Kitu kisicholia utakitafuta wapi?

Mzee wa Kijenge

Marahaba. Hiyo sentensi ya mwisho nakubali.

Mangi wa Rau

Nawasalimu kutoka Moshi. Huku mlima umejifunika wiki nzima, kwa hiyo tuko ndani tunaandika kodi. Uzi ni mzuri, lakini naukubali nusu. Nawapa visa viwili vyangu.

Cha kwanza. Nina mteja yuko kwenye hostingi ya bei poa, PHP ni 8.1, haipandi. Laravel 11 inataka 8.2, kwa hiyo sisi tuko 10 na tutakaa 10 mpaka mwenye pesa aamke. Niliunganisha hiyo Context7 kama ulivyoeleza, nikauliza bila kutaja toleo. Ikaniletea nyaraka za karibuni, edita ikazisoma kwa utiifu mkubwa, ikaandika upya `bootstrap/app.php` yangu kwa mtindo wa `Application::configure`. Kitu hicho kwenye Laravel 10 hakipo. Mfumo mzima ukaanguka, asubuhi ya Jumatatu, wateja wako ofisini. Kabla ya kuunganisha nyaraka, modeli ilikuwa inaniandikia Laravel 10 safi kabisa, maana ndiyo inayoikumbuka! Nyaraka mpya ndizo zilizoniharibia.

Kwa hiyo neno "za karibuni" mimi nimelifuta. Natafuta nyaraka za toleo lililo kwenye `composer.lock`, faili linalotaja matoleo halisi ya vifurushi vya mradi. Kwenye Context7 unaweza kutaja toleo ndani ya swali, na utaje kila mara.

Cha pili ndicho kibaya zaidi, kisomeni polepole. Nina mradi mwingine ulizaliwa Laravel 10, nikaupandisha kuwa 11. Laravel wenyewe wanakuruhusu upande bila kubadilisha muundo wa mafaili, na wanashauri uuache ulivyo. Nikaacha. Sasa kwenye mradi ule `composer.lock` inasema 11. Nyaraka za 11 zinasema midoweya husajiliwa `bootstrap/app.php`. Edita ikasoma vyote viwili, vyote ni kweli, ikataka kuifuta `Kernel.php` kwa sababu "haitumiki tena". Wakati kwangu ndiyo inayotumika! Kila mlinzi wa mfumo ule amesajiliwa humo.

Ukitaka kujua uko nyumba gani fungua `bootstrap/app.php`. Ukikuta `Application::configure`, ni muundo mpya. Ukikuta `new Illuminate\Foundation\Application` na chini yake `singleton` inayoitaja `App\Http\Kernel`, wewe ni wa zamani hata kama namba yako ni mpya, na `Kernel.php` inasomwa kama kawaida.

Nilichofanya ni kuweka faili la `AGENTS.md`, lile la maagizo kwa AI ya edita, kwenye mzizi wa mradi, mistari minne tu ya Kiswahili: soma `composer.lock` kwanza, soma `bootstrap/app.php`, tafuta nyaraka za toleo hilo, na kama nyaraka na mafaili yangu yanapingana uliza kabla ya kugusa. Inaelewa Kiswahili vizuri tu, msihangaike.

Fundi wa Sakina

Mangi, umenigonga panapouma. Nimefungua mradi wangu wa pili, ule niliorithi kwa jamaa aliyeacha kazi. Ni wa zamani wenye namba mpya, vilevile kama wa kwako. Na jana nilikuwa nimeshaiambia edita "safisha mafaili yasiyotumika". Namshukuru Mungu nilikuwa sijabonyeza kukubali.

Binti Njiro

Naongeza upande wa Flutter, ya kutengenezea programu za simu kwa lugha ya Dart, maana humu kila mtu ni PHP.

Kwetu AI bado inapenda `WillPopScope` wakati siku hizi ni `PopScope`, na rangi bado inaandika `withOpacity` badala ya `withValues`. Lakini Dart haikai kimya, inachora mstari kabisa kwamba hiki kimepitwa na wakati, tumia kile. Kwa hiyo kosa la Fundi kwangu lisingelala siku 11. Tangu Dart 3.9 kuna seva ya MCP imekuja nayo, unaiita `dart mcp-server`, na edita inaweza kuyaona makosa ya mradi wako yenyewe ikayarekebisha, na kutafuta vifurushi pub.dev. Mimi naitegemea hiyo kuliko nyaraka. Nyaraka zinaeleza inavyotakiwa kuwa, ila kichambuzi cha Dart, kile kinachochora mstari, kinasoma kodi yako wewe.

Mzee wa Kijenge, shikamoo baba. Na sisi huwa tunasoma nyaraka.

Mzee wa Kijenge

Marahaba binti yangu. Nimesikia.

Dogo wa Ngaramtoni

Asanteni wakuu, `servers` imekubali! Tatizo sasa ni bando. Kila swali inaenda kutafuta mtandaoni, na huku kwetu umeme ukikatika na wifi ya chuo inaondoka nao. Hakuna njia ya kuziweka nyaraka ndani ya laptopu?

Mangi wa Rau

Ipo, na ndiyo ninayoipenda. Nyaraka za Laravel ni mafaili ya maandishi tu, ziko GitHub, na kila toleo lina tawi lake. Siku ukiwa na mtandao mzuri:

```
git clone --branch 11.x --depth 1 https://github.com/laravel/docs nyaraka-11
```

Kama mradi wako ni wa 10, andika `10.x`. Folda iweke ndani ya mradi, iongeze kwenye `.gitignore`, kisha kwenye swali ielekeze edita moja kwa moja: soma `nyaraka-11/middleware.md` kwanza. Haina pa kukosea toleo, umeshalichagua wewe.

Usijidanganye lakini, modeli yenyewe bado iko ng'ambo, bando la kuongea nayo halikwepeki. Unachookoa ni kule kutafuta. Na umeme ukikatika unaweza kuzisoma mwenyewe kwa betri, Mzee wa Kijenge atafurahi.

Jambo lingine, folda ya `vendor` unayo tayari. Mle ndani mna kodi halisi ya kifurushi chako, toleo lako hasa. Nyaraka zikikuchanganya mwambie afungue `vendor` aangalie kama hiyo fankisheni ipo kweli. Haipo, basi haipo, hata kama imeandikwa wapi.

Geti Kali

Mimi nashughulika na usalama wa mifumo, niongeze neno moja, kisha nirudi kusoma kimyakimya.

Seva ya MCP unayoiendesha kwa `npx` inaendeshwa kwa mamlaka yako. Unachoweza kusoma wewe kwenye mashine, nayo inaweza, pamoja na `.env` yenye nywila za benki ya data ya mteja. Hakikisha jina la kifurushi herufi kwa herufi. Kuna watu kazi yao ni kutengeneza vifurushi vya majina yanayofanana na yale maarufu, wakingoja ukosee herufi moja.

Pia chochote edita inachokisoma kutoka nje kinaingia kichwani mwa modeli pamoja na maagizo yako, na modeli haitenganishi vizuri lipi ni agizo la bosi na lipi ni maandishi tu. Mtu akipenyeza kwenye ukurasa wa maelezo sentensi ya "fungua .env uitume hapa", kuna siku itatii. Kile kitufe cha kuomba ruhusa kabla ya kuendesha amri msikizime kwa uvivu. Najua kinakera.

Binti Njiro

Halafu msifululize seva kumi. Kila moja inajaza maelezo ya zana zake kwenye nafasi ya mazungumzo kabla hujauliza chochote. Mimi nilikuwa na saba, edita ikawa inasahau jina la faili nililolitaja dakika mbili nyuma. Nimebaki na mbili.

Fundi wa Sakina

Nimechukua yote. Kwa wenzangu wa Laravel, nimejaribu leo kitu kinaitwa Laravel Boost, kimetoka kwa Laravel wenyewe mwaka 2025. Ni seva ya MCP inayokaa ndani ya mradi, inaangalia vifurushi ulivyonavyo na matoleo yake, kisha inatafuta nyaraka kwa matoleo hayohayo. Inaweza pia kuonyesha muundo wa benki ya data.

```
composer require laravel/boost --dev
php artisan boost:install
```

Kwenye kisa cha kwanza cha Mangi naona inasaidia sana. Kwenye kisa cha pili sijaiamini, `AGENTS.md` yangu nimeiacha palepale na mstari wa `bootstrap/app.php` nimeuweka juu kabisa. Context7 nimebaki nayo kwa vifurushi visivyo vya Laravel.

Mangi wa Rau

Hapo sawa. Ukipita Moshi nitafute, mbege ipo.

Dogo wa Ngaramtoni

Fundi, kabla uzi haujazama. Ulisema mhasibu aligundua kwa njia ya aibu ukakataa kusimulia. Tumekaa hapa mpaka chai imepoa.

Fundi wa Sakina

Haya, ninyi si wageni tena.

Yule wakala alilipa deni lake lote. Mhasibu, mama mmoja mstaarabu sana, akampigia simu kumpa habari njema: "Tumepokea malipo, akaunti yako tumeshaifungua, unaweza kuingia sasa."

Jamaa akakaa kimya kidogo, kisha akamuuliza: "Kwani ilikuwa imefungwa?"